Kuapdeti jedwali la kwenye ukurasa wakati HTML inatoka kwenye seva: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa tunaongea na mtu ambaye tayari ana jedwali kwenye ukurasa wake, la oda, la bidhaa, la matokeo, lolote lile, seva ndo inaliandika kwa PHP au Django au Rails au kingine chochote, na sasa anataka libadilike bila mtu kurefreshi. Majibu mengine ni marefu kwa sababu hapo ndo watu wanakwama kweli, mengine ni mafupi kwa sababu hakuna cha kuongeza.

Kurenda kwenye seva ni nini hasa?

Seva inachukua data kwenye databesi, inaipitisha kwenye templeti, inatoa HTML iliyokamilika na brauza kazi yake ni kuonyesha tu. Njia nyingine ni seva kutuma ukurasa karibu mtupu pamoja na JavaScript, afu JavaScript hiyo ikifika ndo iende kuomba data na kuchora jedwali ikiwa ndani ya brauza. Kwa njia ya kwanza mtu anaona mistari mapema, hasa kwenye simu dhaifu au mtandao wa kusuasua, na injini za kutafuta zinakuta maandishi yapo tayari.

Sasa seva ikishatuma HTML si imemaliza? Jedwali litabadilikaje?

Imemaliza rikwesti ile moja tu. Hakuna kinachoizuia brauza kuomba tena kimya kimya, safari hii isiombe ukurasa mzima bali kipande cha jedwali, ikikipata inakichomeka mahali pake. Uwezo huu si mpya, XMLHttpRequest ilikuja na Internet Explorer 5 mwaka 1999, na jina la Ajax alilitoa Jesse James Garrett mwaka 2005, siku hizi tunatumia fetch lakini wazo ni lile lile. Kodi yenyewe kwa ufupi:

const jibu = await fetch('/oda/mistari?hali=mpya');
if (jibu.ok) {
  document.querySelector('#oda tbody').innerHTML = await jibu.text();
}

Kwa upande wa brauza karibu ndo hivyo tu. Kazi kubwa iko kwenye seva, kupanga templeti vizuri, tutafika hapo.

Seva irudishe JSON (data tupu bila tagi) au irudishe HTML?

HTML. Kama jedwali lako mara ya kwanza linaandikwa na seva basi na apdeti zake ziandikwe na seva, kwa templeti ile ile. Hili ndo jambo ambalo ningependa kila mtu alielewe kabla ya kugusa kitu kingine, kwa sababu matatizo mengi ya majedwali yanaanzia hapa. Angalia kinachotokea ukirudisha JSON: una templeti ya mstari kwenye seva, inayojua jinsi ya kuandika tarehe, kuweka koma kwenye namba, kupaka rangi oda iliyochelewa, kuficha batani ya kufuta kwa asiye na ruhusa, halafu unalazimika kuandika mambo hayo hayo upya kwa JavaScript ili kuchora mstari uliotoka kwenye JSON. Sasa una mistari ya aina mbili. Miezi michache baadaye mtu anaongeza safu mpya kwenye templeti ya seva, anasahau ile ya JavaScript, na jedwali linaanza kuonekana tofauti kutegemea kama mstari ulikuja na ukurasa au ulikuja na apdeti.

Dawa yake ni kukata templeti vipande. Faili moja la mstari mmoja, tuseme _mstari, faili la pili linazungusha lupu na kuita _mstari, hilo ndo tbody, yaani mwili wa jedwali, na la tatu ni ukurasa mzima wenye kichwa na menyu ambao ndani yake unaita hilo la pili. Mtu akifungua ukurasa unarenda la tatu, akisort unarenda la pili, oda moja ikibadilika unarenda la kwanza. Kodi ya kuchora mstari inabaki sehemu moja tu na ukiibadilisha imebadilika kote.

JSON ina nafasi yake, kama data hiyo hiyo inaenda kwenye app ya simu au kwenye grafu basi iwepo, lakini iwe njia ya pembeni, usiilazimishe ndo ichore jedwali.

HTML si ni nzito kuliko JSON?

Kwa kuhesabu herufi, ndiyo. Ila mistari ya jedwali inafanana sana, tagi zile zile zinajirudia, na gzip, njia ya kubana data inapotumwa, inapenda marudio kuliko kitu chochote, kwa hiyo ikishabanwa tofauti inapungua sana. Na jumlisha upande wa pili JavaScript ambayo huhitaji tena kuituma. Pima kwenye tabo ya mtandao ya brauza yako kabla ya kubishana na mtu.

Kwa hiyo React, laibrari ya JavaScript ya kuchora kurasa kwenye brauza, siihitaji?

Kwa jedwali la kawaida la kusort, kuchuja, kurasa na kubadilisha hali ya mstari, hapana. Unaweza kwenda na fetch ya mistari michache kama hapo juu, au ukachukua laibrari ndogo iliyotengenezwa kwa kazi hii. htmx inakuwezesha kuandika kwenye HTML yenyewe kwamba batani hii iombe URL fulani na jibu liwekwe sehemu fulani. Turbo inatoka kwa watu wa Basecamp na imezoeana sana na Rails. Laravel wana Livewire, Phoenix wana LiveView ambayo inashika koneksheni ya WebSocket na kutuma sehemu zilizobadilika tu. Zote msingi ni mmoja, seva ndo inajua jedwali linafananaje.

React na wenzake chukua pale jedwali linapogeuka kuwa programu kamili, mtu anaedit seli kwa seli, anakokota safu, fomula zinajumlishwa papo hapo bila kusubiri seva. Hapo kwenda seva kwa kila mguso wa kibodi ni kumchosha mtumiaji.

Nikiingiza tr (tagi ya mstari wa jedwali) kwa JavaScript tagi zinapotea, yanabaki maandishi matupu. Kwa nini?

Hili linasumbua watu wengi mno na si kosa la laibrari, ni sheria za HTML zenyewe. Kisomaji cha HTML kikikutana na tr au td (seli) nje ya jedwali kinaitupa hiyo tagi na kubakiza kilichomo ndani. Kwa hiyo ukitengeneza div ya muda, ukaweka innerHTML yake kuwa mstari wa tr ili baadaye uuhamishe, ile tr imeshakufa kabla hujaihamisha. Tumia tagi ya template badala ya div, yenyewe inaruhusiwa kubeba tr ikiwa peke yake:

const t = document.createElement('template');
t.innerHTML = html;
tbody.append(t.content);

Ukiandika moja kwa moja kwenye innerHTML ya tbody nayo inakubali, kwa sababu kisomaji kinajua kiko ndani ya tbody.

Sheria hiyo hiyo inauma kwa njia nyingine. Ukiweka div au tagi ya kujitungia kati ya tbody na tr, brauza inaitoa nje na kuiweka juu ya jedwali. Ndo maana turbo-frame haiwezi kuzunguka mstari wa jedwali, kwa mstari mmoja mmoja inabidi utumie turbo-stream inayolenga id ya mstari. Kwenye htmx ukituma mstari wa kubadilishwa pembeni kwa hx-swap-oob, ufunge ndani ya template. Na form pia haiwezi kuzunguka tr, ukijaribu unapata form tupu na sehemu za kujaza ambazo baada ya apdeti hazitumi chochote. Weka form ndani ya seli moja, kisha sehemu za kujaza za kwenye seli nyingine uzipe atributi ya form yenye id ya hiyo fomu, zitaenda pamoja bila shida.

Lingine dogo, brauza inaongeza tbody yenyewe hata kama hukuiandika, kwa hiyo selekta ya table > tr haitapata kitu kwenye HTML iliyosomwa na brauza. Iandike tu tbody mwenyewe uepuke kushangaa.

Nibadilishe tbody nzima au mstari mmoja?

Inategemea kilichobadilika. Mtu kasort, kachuja au kahamia ukurasa wa pili wa matokeo, badilisha tbody yote, hakuna haja ya ujanja. Oda moja imetoka "inasubiri" ikawa "imetumwa", badilisha mstari huo tu. Ili uweze, kila mstari uwe na id inayotokana na ufunguo wake kwenye databesi, mfano id="oda-481", usitumie namba ya mpangilio kama mstari-1, mstari-2, maana mtu akisort tu mpangilio unavurugika na unaanza kubadilisha mstari wa mtu mwingine.

Na kumbuka mstari ukibadilika kuna vitu nje yake vinabadilika pia. Jumla chini ya jedwali, idadi ya oda mpya juu, kile kialama chekundu kwenye menyu. Watu wanaapdeti mstari vizuri kabisa afu jumla inabaki ya zamani, na mtumiaji akiona hesabu haziendani anaacha kuamini jedwali lote. Jibu moja la seva linaweza kubeba mstari pamoja na hiyo jumla, htmx wana oob, Turbo wana stream nyingi kwenye jibu moja, na ukiandika mwenyewe unaweza kupitia kila kitu chenye id kwenye jibu na kukibadilisha kwa id.

Kusort, kutafuta na kurasa niviweke wapi?

Kwenye seva, na hali yake yote ikae kwenye URL. Yaani /oda?tafuta=kiatu&panga=tarehe&mwelekeo=shuka&ukurasa=3, mtu akiikopi na kumtumia mwenzake, mwenzake aone kitu kile kile. Kila kichwa cha safu kiwe linki ya kweli yenye href, kila namba ya ukurasa iwe linki ya kweli, sehemu ya kutafutia iwe form ya GET. Hapo jedwali linafanya kazi hata kabla ya JavaScript, kisha juu yake unaongeza skripti inayokamata kile kibofyo, inaomba kipande na kubadilisha URL ya juu kwa history.pushState. Usianze na onclick ukaahidi utaweka linki baadaye, hiyo baadaye haiji.

Mambo mawili ya databesi hapa. La kwanza, jina la safu ya kusort haliwezi kupitishwa kama parameta ya kawaida ya SQL, hivyo wengi wanaliunganisha kwenye kwiri (ombi la databesi) kama lilivyotoka kwenye URL, na hapo umemfungulia mlango mtu mwenye nia mbaya. Tengeneza orodha ya majina yanayoruhusiwa, lililokuja kama halimo tumia la kawaida. La pili, ukisort kwa safu yenye thamani zinazojirudia, kama tarehe au hali, databesi haikuahidi mpangilio wowote kati ya zinazolingana, ndo unaona oda ile ile iko ukurasa wa kwanza na wa pili pia na nyingine haionekani popote. Ongeza id mwishoni mwa ORDER BY, imeisha.

Nikitype haraka kwenye kutafuta, matokeo yanakuja ya neno la nyuma.

Rikwesti hazirudi kwa mpangilio uliozituma nao. Uliandika "ki" ikaenda, ukaandika "kiatu" ikaenda, jibu la "kiatu" likawahi, la "ki" likachelewa likaja kufunika. Kwanza subiri mtu atulie kidogo, kama milisekunde 300, ndo utume. Pili, kabla ya kutuma mpya katisha ya zamani kwa AbortController. Kusubiri peke yake hakutoshi, mtandao ukiwa mzito tatizo linarudi. Kwenye htmx ni delay kwenye hx-trigger na hx-sync yenye replace.

Nataka jedwali libadilike lenyewe bila mtu kubofya. Nitumie nini?

Kuna njia tatu, na ushauri wangu ni kuanza na ya chini kabisa na kupanda juu pale tu ukilazimika.

Ya kwanza ni kuuliza seva kila baada ya sekunde kadhaa. Watu wanaidharau lakini inafaa sehemu nyingi kuliko wanavyodhani, haina koneksheni ya kutunza, inapita kwenye kila proksi (seva ya katikati), na seva ikianguka na kurudi inaendelea kama kawaida. Kwenye htmx ni hx-trigger="every 10s" basi, na kazi ikiisha, tuseme ripoti imekamilika, seva ikijibu kwa namba ya hali 286 htmx inaacha kuuliza. Usiulize kichupo kikiwa kimefichwa, sikiliza visibilitychange, mtu akirudi ndo uulize mara moja na kuendelea. Weka pia ETag, alama ya toleo la jibu inayokwenda kwenye hedari, kama hakuna kilichobadilika seva inajibu 304 bila mwili. Ila angalia, ETag ikitengenezwa kwa kurenda HTML yote kwanza afu kuipiga heshi, umeokoa mtandao lakini databesi imefanya kazi ile ile, ni nafuu zaidi kuitoa kwenye muda wa apdeti ya mwisho pamoja na idadi ya mistari. Kama mistari inaonyesha batani tofauti kwa watu tofauti, mtumiaji naye aingie kwenye hesabu hiyo.

Ya pili ni SSE (Server-Sent Events), seva inaacha koneksheni ya HTTP wazi na kusukuma ujumbe kila kitu kinapotokea, brauza inapokea kwa EventSource. Kwa jedwali hii ndo naipenda kuliko zote, maana habari zinakwenda upande mmoja tu, seva kwenda kwa mtu, na mtu akitaka kubadilisha kitu anatuma POST ya kawaida. Koneksheni ikikatika brauza inaunganisha tena yenyewe na kutuma Last-Event-ID, ukiwa umeziwekea apdeti zako namba unajua uendelee kuanzia wapi. Angalizo, HTML yenye mistari mingi lazima kila mstari uanze na data: vinginevyo ujumbe unafika nusu. Na kwenye HTTP/1.1 brauza inaruhusu koneksheni 6 tu kwa domeni moja, mtu akifungua vichupo saba vya jedwali lako cha saba kinaning'inia, HTTP/2 inaondoa hilo tatizo.

Ya tatu ni WebSocket, pande zote mbili zinaongea muda wowote. Imesanifishwa tangu 2011 na inafanya kazi vizuri, lakini kuunganisha tena ikikatika, kujua mtu ni nani, kugawa ujumbe kwenye seva nyingi, hayo yote ni juu yako au juu ya fremuweki. Kama unatumia LiveView imeshafanyiwa, kama unaandika mwenyewe kwa ajili ya jedwali la kusoma tu, ni gharama bila faida.

SSE kwenye kompyuta yangu iko poa, kwenye seva ya kweli inakwama.

Karibu kila mara ni kitu kilicho katikati. Nginx, seva inayokaa mbele ya programu yako, kwa kawaida inakusanya jibu kwanza ndo ilitume, kwa hiyo ujumbe wako unakaa humo, tuma hedari ya X-Accel-Buffering: no kwenye jibu hilo. Nginx pia inakata koneksheni ambayo seva ya nyuma imekaa kimya sekunde 60, kwa hiyo kila sekunde 15 hivi tuma mstari unaoanza na nukta mbili, huo ni maoni, brauza inaupuuza ila koneksheni inabaki hai. Kama ni PHP, seshoni ya faili inafungwa kwa kufuli mpaka rikwesti iishe, na SSE haiishi, matokeo yake mtu yule yule akibofya linki nyingine ukurasa unazunguka tu. Ita session_write_close() kabla ya kuanza kusukuma. Na kila SSE kwenye PHP ya kawaida inashika mfanyakazi mmoja wa seva muda wote, wakiwa wengi seva inajaa, hapo rudi kwenye kuuliza kila sekunde kumi.

Mtu anaandika kwenye mstari, apdeti inakuja inamfutia.

Hii inaudhi watu kuliko hata jedwali lisilojiapdeti kabisa. Ukibadilisha innerHTML unaua kilichokuwepo na kuzaa kipya, kishale kinapotea, maandishi yanapotea, tiki alizoweka zinapotea. Njia nyepesi ni kutogusa mstari unaoeditiwa, kabla ya kuweka apdeti angalia kama document.activeElement iko ndani ya mstari huo, kama iko iweke pembeni hadi amalize. Njia ya pili ni laibrari za kulinganisha HTML ya zamani na mpya na kugusa palipotofautiana tu, morphdom na Idiomorph ndo zinajulikana, Turbo 8 ya mwaka 2024 inayo ndani. Hizo nazo zinategemea id za mistari, ndo maana nazisisitiza.

Kwenye seva bado kuna suala la watu wawili kusevu mstari mmoja. Weka namba ya toleo kwenye fomu, ikija ya zamani usiandike juu, rudisha 409 pamoja na mstari wa sasa na ujumbe kwamba kuna mwenzako kabadilisha. Kumbuka tu htmx kwa kawaida haiweki kwenye ukurasa majibu ya namba 400 na zaidi, inabidi uiruhusu.

Batani za kwenye mstari zimeacha kufanya kazi baada ya apdeti.

Ulizifunga addEventListener moja moja wakati ukurasa unafunguka, mistari mipya haikuwepo. Funga moja tu kwenye table, kisha ndani yake uulize e.target.closest('[data-futa]').

Ukurasa wa kulogin umetokea katikati ya jedwali!

Seshoni imeisha, seva imeelekeza rikwesti kwenda kulogin, fetch imefuata kimya kimya na ikaleta ukurasa ule ukiwa na namba 200 safi, ukachomekwa. Kwa rikwesti za kipande seva irudishe 401 badala ya kuelekeza, na upande wa brauza ukiiona 401 upakie ukurasa mzima upya.

Nikirudi nyuma kwa batani ya brauza naona mistari mitupu bila CSS.

URL moja inarudisha vitu viwili, ukurasa mzima au kipande kutegemea hedari, na kashe ya brauza haijui tofauti ikakupa kipande. Tuma Vary: HX-Request kama ni htmx, au hedari yoyote unayotumia kutofautisha. Binafsi naona bora kipande kiwe na URL yake kabisa, tatizo linakufa. Na kipande chenye data ya mtu binafsi kiwekewe Cache-Control: private au no-store, isije proksi ya katikati ikampa mtu oda za mwingine.

Usalama je, si HTML imetoka kwangu mwenyewe?

Tagi zimetoka kwako, yaliyomo yametoka kwa watu. Jina la mteja linaweza kuwa na tagi ya img yenye onerror ndani. Templeti za Django, Blade na Rails zinaeskepu zenyewe (zinageuza tagi za watu kuwa maandishi tu), ila wengi wakifika kwenye kipande cha apdeti wanaacha templeti na kuunganisha stringi kwa mkono kwa sababu "ni mstari mmoja tu", hapo ndo shimo linapotokea. Usijipe moyo kwamba script iliyoingizwa kwa innerHTML hairani, ni kweli hairani, lakini onerror inarani. Na ruhusa zikaguliwe kwenye URL ya kipande kama zinavyokaguliwa kwenye ukurasa, kuficha batani si ulinzi.

Anayetumia kisoma skrini atajuaje jedwali limebadilika?

Usiweke aria-live kwenye jedwali zima, atasomewa mistari yote kila sekunde kumi na atafunga ukurasa. Weka sentensi moja nje ya jedwali yenye role="status", ibadilike kuwa "Matokeo 24, yamepangwa kwa tarehe". Hiyo sentensi iwepo tangu ukurasa unafunguka, ikiingizwa pamoja na ujumbe wake mara nyingi haisomwi. Kichwa kilichosortiwa kipewe aria-sort. Na mtu akifuta mstari, fokasi uipeleke mstari unaofuata, usimwache arudishwe mwanzo wa ukurasa.

Nina mistari elfu hamsini.

Usiitume yote, hakuna anayesoma mistari elfu hamsini. Tuma hamsini hivi, na utafutaji mzuri. Ukurasa ukiwa wa mbali OFFSET inakuwa nzito kwa sababu databesi inapita mistari yote ya nyuma ndo iitupe, hapo badili uulize "iliyo baada ya id fulani" ukiwa na indeksi. Njia hii inafaa pia jedwali linaloongezeka kila dakika, maana OFFSET ikitumika mistari mipya inasukuma ya zamani na mtu anaona ile ile mara mbili.

Natumia React yenye SSR (kurenda kwenye seva) na napata kosa la haidresheni kwenye jedwali, yaani React inaichukua HTML ya seva na kuikuta haifanani na yake.

Mara nyingi ni mojawapo ya mawili. Ama umeweka tr moja kwa moja ndani ya table, brauza ikaongeza tbody, React ikakuta kitu ambacho haikukiandika. Ama ni tarehe na namba, seva iko kwenye saa za UTC na brauza iko kwenye saa za mtumiaji, toLocaleString ikatoa maandishi tofauti. Taja lugha na saa za eneo wazi pande zote mbili, au seva iandike UTC na ubadilishaji ufanyike baada ya ukurasa kuamka.

Apdeti inachukua sekunde mbili, tatizo liko wapi?

Anza na databesi, mara nyingi templeti ya mstari inaita oda.mteja.jina na kila mstari unatuma kwiri yake, mistari hamsini kwiri hamsini na moja. Kwenye Django ni select_related, Rails includes, Laravel with. Kama si hapo, tuma hedari ya Server-Timing yenye muda wa kwiri na muda wa kurenda, itaonekana kwenye zana za brauza karibu na rikwesti yenyewe na utajua ni seva au ni mtandao. Wakati unasubiri jibu usifute jedwali ukaweka duara linalozunguka, acha mistari ya zamani ionekane, uififishe kidogo na kuweka aria-busy="true", jibu likija unaiondoa.